Suruali Iliyofungiwa na Mahakama

Mimi ni wakili wa kampuni zilizofilisika. Kampuni ikishindwa kulipa wadai, mahakama hunituma nifunge milango na kutia lakiri, ile nta ya muhuri isiyoruhusiwa kuvunjwa. Ni kazi ya heshima, au ilikuwa hivyo hadi Jumatatu iliyopita.

Nilitumwa Oldeani kufunga kampuni ya shamba la kahawa. Gari lilikwama njiani, nikalisukuma hadi tope likanifika kiunoni. Mzee Tluway, mlinzi wa shamba, alinionea huruma akaniazima shuka lake. Suruali nikaitundika ofisini ikauke.

Kisha nikaanza kazi. Nikafunga ofisi, nikatia lakiri nyekundu mlangoni kwa mbwembwe zote.

"Mzee, hapa asiingie mtu. Hata mimi!"

"Nimesikia, Ndugu Wakili."

Upepo wa Oldeani uliponipuliza miguu, ndipo nikaikumbuka suruali. Wadai walikuwa njiani kutoka Arusha, nao lazima waikute lakiri nzima, la sivyo wangesema nimeiba mali. Nikazunguka nyuma, kwenye dirisha nililosahau kulifunga, nikajipenyeza. Kichwa kikapita, kifua kikapita, kitambi kikagoma. Shuka likanasa kwenye msumari, likadondoka nje. Filimbi ya Mzee Tluway ikalia shamba zima.

Nikasikia magari yakisimama, kisha sauti ya mkubwa wa wadai: "Wakili wetu yuko wapi?"

"Nusu yake iko ndani inaiba," Mzee akajibu. "Nusu hii nimeshaikamata."