Mwanya wa Njiti ya Kiberiti

Fundi wa mageti wa pale Buhongwa hupima joto la chuma kwa mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto homa, na kila mlango huuachia mwanya wa njiti ya kiberiti. Tereza, mteja wake, kwa kuogopa nge, alimlazimisha auzibe ule wa mlango wa nyumba yake.

"Chuma kikipata jua kinanenepa, mama."

"Wewe ziba tu."

Leo mchana Tereza aliurudishia mlango aanike nguo nje, ukavimba kwa jua ukakwama, bintiye Queen wa miaka miwili akilia ndani. Tereza alimkimbilia fundi akitaka nyundo. Fundi aliomba ndoo ya maji, akaumwagia mlango taratibu, akimbembeleza mtoto kwa Kisukuma, mpaka ukaachia. Hakumsimanga. Alichomoa njiti, akamtazama.

"Nge nitawaua mwenyewe," alisema Tereza, Queen kifuani. "Kata."