Kibao cha Kumi na Tano

Niliandika kumi na nne. Vilikuwa kumi na vitano.

Kosa hilo la kibao kimoja ndilo lililomfufua baba yangu, ambaye tulimzika miaka miwili nyuma kwa heshima zote, ving'ora vya zimamoto vikilia mji mzima.

Naitwa Gastón Riffo. Ni mkaguzi wa viwanja wa halmashauri ya Caleta Parra, mji wetu mdogo wa pwani kusini mwa Chile. Mnaotaka kunitukana mtanitukana, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Mwaka jana ilikuja kampuni ikitaka kujenga kiwanda cha vyuma chakavu kwenye kona ya barabara ya bandarini. Mashine yenyewe inameza gari zima na kutema vipande vya ukubwa wa kiganja.

Ajira sitini, walisema. Mji ukagawanyika: huku wanaotaka kazi, huku wanaoogopa vumbi na kelele.

Halmashauri ikanituma. Nenda kakague, orodhesha kila kilichopo kiwanjani, kisha madiwani wapige kura.

Kwenye ramani ya kampuni pameandikwa "ardhi tupu".

Tupu wapi! Pale konani kuna kijumba cha Yasna.

Kwetu mtu akifa ghafla barabarani, mwili unakwenda makaburini, lakini roho yake inajengewa kijumba cha bati palepale alipoanguka. Madereva wakipita wanapiga honi. Jumatatu watu wanawasha mishumaa na kuomba, na aliyejaliwa hurudi na chochote cha kushukuru. Cha Yasna kilikuwa kimejaa vibao vya namba za magari, vimepigiliwa ukuta mzima.

Yasna alikuwa na miaka saba. Alitumwa mkate, gari likamgonga likakimbia. Ilikuwa mwaka tisini na mbili, na dereva hakupatikana.

Kengele ya zimamoto ilipolia, wa kwanza kufika alikuwa baba yangu, Kapteni Evaristo Riffo. Kila mtu hapa anaijua habari hiyo: alivyovua koti akamfunika mtoto, alivyopiga magoti kwenye lami akilia kama mfiwa.

Mimi nimekula sifa za baba yangu maisha yangu yote. Hata kazi niliipata kwa jina lake.

Sasa, kampuni iliahidi kukihamisha kijumba pamoja na kila kitu kitakachokuwa kwenye orodha yangu. Kisichoandikwa kinabaki kiwanjani, na cha kiwanjani ni cha mashine.

Nilikwenda na Chamorro, dereva wa halmashauri, mtu wa maneno mengi.

"Bosi, hesabu chapchap tusepe. Mahali hapa nywele zinanisimama."

"Unaogopa mtoto wa miaka saba?"

"Mtoto simwogopi. Naogopa anayoyajua."

Nikacheka. Nikaanza kuhesabu.

Kibao kimoja kilikuwa katikati kabisa, kikuukuu kuliko vyote, kimepinda, kutu imekila pembeni. DK 4417.

Namba hiyo niliisubiri getini kila jioni nikiwa na miaka tisa. Ilikuwa ya pikapu ya baba, ya bluu. Siku tunakifunga kibao, aliniachia drili nikatoboa tundu mahali sipo. Akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe fundi wa wapi?" Akatoboa jingine kando yake.

Nilipitisha kidole. Matundu mawili, jirani kwa jirani.



Pikapu ile baba alisema ameiuza huko kusini zaidi. Iliondoka wiki ileile ya msiba. Miaka thelathini na moja na sikuwahi kuyaweka pamoja.

Halafu mengine yakaja kwa mkupuo. Kwamba baba hakuwahi kupiga honi kwenye ile kona, hata mara moja. Alizima redio na kuangalia upande wa bahari. Watu walisema ni heshima.

"Vingapi?" Chamorro akauliza kutoka garini.

"Kumi na vinne," nikasema.

Wala sikupanga. Ulimi ulijisemea wenyewe. Nikaandika namba za hivyo kumi na vinne kwenye orodha, nikatia saini.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kusikia bati.

Sauti ndogo ya bati likigonga bati. Ofisini madirisha yamefungwa, naisikia. Naoga, naisikia. Mke wangu akaita fundi wa friji. Fundi akasema friji haina neno.

Nikajifariji: kura ikipita, mashine itakitafuna kile kibao, na mimi nitalala.

Orodha ikabandikwa kwenye mlango wa halmashauri, kama sheria inavyotaka. Jumamosi saa nne asubuhi tukakutana kusikiliza maoni ya wananchi. Ukumbi wetu mdogo, kwa hiyo tukaazima wa zimamoto.

Na pale ukutani, juu ya meza ya madiwani, picha ya baba yangu na kofia yake nyeupe.

Injinia wa kampuni akamwaga sera nusu saa. Vijana wakapiga makofi. Akina mama wakazomea. Kisha akasimama Mama Ercira, mama yake Yasna. Ana miaka sabini na nne na hatumii kipaza sauti.

"Mheshimiwa meya, nina swali dogo. Ni kwa mkaguzi."

"Karibu, mama."

"Gastón mwanangu, umeandika vibao kumi na vinne."

"Ndiyo, mama."

"Viko kumi na vitano. Navifuta vumbi kila Jumatatu."

Injinia akatabasamu. "Mama, kibao kimoja tu. Tutaongeza, hakuna shida."

"Wewe baba tulia, sijakuuliza wewe." Hakumtazama hata. "Gastón, nisomee namba ulizoandika."

Nikasoma.  

"Umeruka cha katikati," akasema. "Kile cha kwanza. Watu wanadhani nacho ni cha shukrani, ndiyo maana wakaanza kuleta vya kwao. Kile hakuna aliyekileta. Nilikiokota mimi mwenyewe kwenye miiba, mita kumi na mbili kutoka alipolala mwanangu. Nikakipeleka kituo cha polisi, nikaambiwa namba hiyo haimo kwenye kitabu cha magari. Basi nikakipigilia hapo. Nikasema, ipo siku atapita anayekijua."

Akavuta pumzi.

"Asiyekijua angekiandika tu kama vingine. Wewe umekiacha. Ni cha nani, mwanangu?"

Ningeweza kusema nilisahau. Meya mwenyewe aliniangalia kwa jicho la kuniombea niseme hivyo. Nilikuwa na kazi, na jina, na watoto wawili wanaoitwa wajukuu wa Kapteni.

Nikasikia bati linagonga. Nikatazama juu ya meza. Baba alikuwa ananiangalia, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu anayeogopa.

"Cha baba," nikasema. "Kilikuwa cha pikapu ya baba."

Mtu akaangusha kiti nyuma. Mzee mmoja wa zimamoto akapiga kelele, "Unamtukana marehemu!" Kisha akainamisha kichwa, nadhani ameikumbuka ile pikapu ya bluu.

Mama Ercira alikaa taratibu.

"Alimfunika kwa koti lake," akasema, si kwa yeyote. "Mimi nilimbusu mkono."

Nililia mbele ya mji mzima. Sioni aibu kuliandika hilo.

Madiwani walipiga kura wiki iliyofuata. Wanne walikataa, wawili walikubali. Kampuni ikaenda kutafuta kona nyingine, na kuna vijana mpaka leo hawanisalimii kwa sababu ya zile ajira. Wana haki yao.

Jioni ya kura zimamoto walikuja kushusha picha ya baba. Walikuwa tayari na ngazi, nami nimesimama pembeni.

Mama Ercira akawakuta mlangoni, mkononi ana kitu kimefungwa kwenye taulo.

"Ngazi hiyo mwachieni Gastón," akasema. "Picha ibaki. Mpaka anakufa alikuwa akigeuza uso. Sasa hana pa kugeukia."

Akanipa kile kibao. Nikapanda, nikakipigilia chini ya picha, kwa kutumia tundu nililotoboa vibaya nikiwa na miaka tisa. Yeye alikuwa ameishika ngazi nisianguke.

Sauti ya bati sijaisikia tena.

Mimi sina la kuwafundisha zaidi ya hili: ukitumwa kuandika kilichopo, andika kilichopo, hata kama ni cha nyumbani kwako. Nilidhani nikiruka mstari mmoja nitamficha baba. Pengo lile ndilo lililomtaja, na mwandiko ulikuwa wangu.

Jumatatu huwa naenda konani. Vibao ni kumi na vinne sasa. Mama Ercira anafuta vumbi upande wake, mimi upande wangu.