Siku Niliyojitangaza Mfano wa Utulivu

Chekeni tu, nimechoka kujificha: uji wa shule ulinimwagikia suruali nzima mbele ya wazazi wa darasa la tatu hapa Butimba, na kilichoniponza ni goti langu mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nasubiri ajira, najitolea kufundisha darasani kwa Mwalimu Kabula. Humo walikuwemo mapacha wa kike, Kulwa na Doto; Kulwa katulia kama mawe ya Ilemela, Doto mguu ndani mguu nje, swali juu ya swali. Baba yao, Mzee Masanja, akaja nao kwenye kikao cha wazazi, akasema majirani wamemwambia Doto ana ugonjwa wa kutotulia, kwa hiyo anamtoa shule akakae kwa bibi yake Usagara, alime mpaka atulie.

Mwalimu Kabula alikuwa anamjibu taratibu, vizuri kabisa, lakini mimi (nani aliniuliza?) nikasimama: "Kwa nini tuamini majirani? Tumpime hapa hapa!" Nikajibana kwenye dawati kati ya mapacha, vikombe vya uji vikawekwa mbele yetu, nikatangaza kwamba atakayetikisika kabla mama mpishi hajamaliza kuwagawia wazazi ameshindwa, na mimi ndiye mfano wa utulivu.

Mguu ukaanza kutetemeka wenyewe, nikaubana, vidole vikaanza kugonga dawati, nikageuka kuona nani anacheka, nikachungulia kikombe (hivi huu ni mtama au ulezi?), mama mmoja akaita, "Jamani, mwalimu kaingiwa na siafu!" Nikainuka kukanusha, goti likapiga dawati, vikombe vikanirukia vyote. Doto hakupepesa hata ukope.

Mzee Masanja akakohoa. "Mwalimu Kabula, kumbe Doto amepona?"

"Hakuna aliyempima, mzee. Mashindano ya uji hayapimi mtoto. Yupo aliyezaliwa na haraka zake, na yupo anayetaka kusikiliza akashindwa, shuleni, nyumbani, hata kwenye mchezo anaoupenda. Huyo wa pili tunamtafutia mtaalamu, hatumpeleki kwa bibi. Doto nyumbani ukimtuma?"

"Anaondoka kabla sijamaliza kumtuma."

"Kazi anaimaliza?"

"Anaimaliza. Halafu anauliza kwa nini nilimtuma yeye."

"Basi mwache hapa, tuendelee kumwangalia pamoja."

Nikiwa nakamua suruali ndipo nikaelewa kwa nini mwalimu huyu humtuma Doto kugawa madaftari katikati ya somo (mimi nilidhani ni upendeleo, na nilishalalamika). Alikuwa hamfokei, hamwiti mgonjwa. Anaipa miguu yake kazi, na mtoto akirudi kukaa anasikiliza. Mimi na shahada yangu sikuwahi kuliona hilo.

"Haya, abaki," Mzee Masanja akasema. "Ila huyu mwalimu mgeni, huyu ndiye tumpeleke kwa bibi?"

Kikao kizima kikaangua kicheko.

"Naye abaki," Mwalimu Kabula akajibu. "Nitamtafutia kazi."

Siku hizi somo likirefuka tunagawa madaftari sisi wawili, Doto upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Na kujitangaza mfano wa utulivu, sirudii tena, hata msibani.