Siku Baba Mkwe Aliponitazama

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kichwa changu kimekataa kuisahau, ingawa kimesahau karibu yote niliyosomea Chuo Kikuu. Nakuona jioni hizi unavyorudi hapa kwangu Mikumi, viatu vimejaa vumbi la Malolo, futi yako ya kupimia matumbo ya akina mama imening'inia shingoni kama ya fundi cherehani. Jana ulilalamika kwamba wanawake wanakujibu "sijambo" kwa kila swali, na kwamba kwa mwendo huo utafiti wako wa presha ya wajawazito na watoto wanaodumaa tumboni hautafika popote. Basi kaa. Chai bado ipo. Nikusimulie habari za baba mkwe wangu na mbuzi wake.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu wa milimani walikuwa wameteremshwa waje kuishi kando ya barabara, upande wa Kidodi, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, nimeolewa na Elia, bwana shamba kwenye shamba la mbegu la Kilangali, nikapangiwa kufundisha elimu ya watu wazima kijijini kwao. Nilikuwa na mimba ya kwanza na majibu ya matatizo yote ya Afrika. Jioni niliwafundisha akina mama kuchemsha maji ya kunywa. Asubuhi nililima shamba la ujamaa kwa bidii ya mtu asiyetaka ijulikane kwamba jembe amelishika juzi.

Elia alikuja mara chache, kazi ilipomruhusu. Nyumbani tulibaki watatu: mimi, wifi yangu Debora aliyekuwa bado msichana, na baba yao, Mzee Yohana, mzee wa kanisa, mgane wa miaka mingi.

Katika nyumba ile baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutazamana usoni wala kusemezana. Ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Nilimwamkia nimepiga magoti nyuma ya mlango, naye akaitikia marahaba akiutazama mlima. Akiwa na neno, alimpa Debora alilete. Debora asipokuwepo, alimpa mbuzi. Usicheke, mwanangu.

"Wewe mbuzi," angesema, amenipa mgongo, "mwambie mama yako mchicha wa jana ulizidi chumvi."

Nami ningemjibu mbuzi: "Mwambie baba leo nitapunguza."

Yule mbuzi alifikisha ujumbe vizuri kuliko wengi niliofanya nao kazi serikalini baadaye.

Mimba ilipokua, nilianza kuvimba. Kwanza miguu, nikavaa ndala za Elia. Kisha vidole, pete ikagoma kutoka. Kisha uso. Wanawake wa shambani wakafurahi mno.

"Mwalimu umenawiri," jirani yangu mmoja aliniambia. "Huyo Elia anakuletea nini kutoka Kilangali?"

"Mbegu," akajibu mwenzake, na shamba zima likaangua kicheko.

Uso ulijaa lakini tumbo halikusogea. Hilo nalo lilipata maelezo yake. Walisema tumbo la msomi huwa dogo kwa sababu mizigo yake mingi iko kichwani. Nilicheka pamoja nao, na kwa kweli nilijisikia vizuri. Kichwa kilipoanza kuuma kila siku nilisema ni jua. Nilipoona vimulimuli mchana kweupe nilisema ni uchovu. Kliniki niliahirisha, maana nilikuwa na kazi ya kuwaelimisha wengine kuhusu afya.

Ndipo ikaja siku yenyewe. Asubuhi, Debora ameshuka mtoni kuteka maji. Mimi nimekaa kizingitini nachambua mboga, mkono mmoja umeshika paji la uso. Baba mkwe alikuwa uani anafunga kamba ya mbuzi.

"Mbuzi," akasema, "muulize mama yako kwa nini ameshika kichwa."

"Mwambie baba ni jua tu."

"Mbuzi, mwambie mama yako jua halijatoka."

Nikainamia mboga zangu. Kisha nikasikia kamba inaanguka chini, na nilipoinua macho nilimkuta amegeuka, ananitazama usoni. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile kwa miezi mingi, na siku ile ndipo nilipojua macho yake yana rangi gani. Nikainamisha kichwa haraka.

"Mkwe, usiiname. Nitazame."

Nikamtazama.

"Mama yake Elia alivimba uso hivyo hivyo. Tumbo lake nalo likakataa kukua. Wanawake wakamsifu. Mimi niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilifundishwa kwamba mwanamume haulizi mambo ya tumbo la mwanamke. Siku moja akaanguka shambani, anatupa mikono na miguu. Hakuamka. Wala mtoto hakuzaliwa."

"Baba, mimi nafikiri..."

"Sijui ugonjwa huu unaitwaje. Wewe ndiye uliyesoma. Ila mimi sinyamazi mara ya pili. Inuka twende Kilosa."

"Baba, nina darasa jioni."

"Darasa litasubiri. Wale wameishi bila kusoma tangu wazaliwe."

Tulipata lori la miwa lililokuwa likienda Kilosa kufuata vipuri. Mimi nikaketi mbele na dereva. Baba mkwe, ambaye asingeweza kukaa ubavuni kwangu hata siku kama ile, akapanda nyuma kwenye makapi ya miwa, na kila tuliporuka shimo akagonga paa.

"Mzee," dereva akapaza sauti dirishani, "nikipunguza zaidi ya hapa nitakuwa nimesimama."

"Basi simama polepole," akajibu.

Hospitali walinipima presha, muuguzi akarudia kupima, kisha akaenda kumwita daktari bila kukimbia, lakini kwa namna ya mtu anayejizuia kukimbia. Mkojo wangu waliuchemsha kwenye kichupa, ukaganda kama ute wa yai lililochemshwa. Daktari alikuwa kijana wa umri wangu. Aliniambia wazi kwamba niko karibu na kifafa cha mimba, kwamba mtoto hapati chakula cha kutosha tumboni, na kwamba ili tupone wote wawili ni lazima azaliwe kabla ya wakati wake. Wakanichoma sindano za kuzuia degedege, kisha dawa ya kuanzisha uchungu.

Neema alizaliwa kesho yake mchana. Huyu Neema unayemwona hapa akikukosoa unavyokaanga vitunguu. Alikuwa mdogo, amekunjamana kama mzee aliyeudhiwa, ila alilia, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Muuguzi akamfunga kwa pamba akamtia kifuani kwangu ndani ya blauzi, akaniambia nisimtoe. Nilikaa hivyo kwa wiki nyingi, naogopa hata kukohoa nisije nikamwamsha.

Siku ile aliyozaliwa Neema, Debora alikuwa ametufuata, amebeba chungu kidogo. Kwao kondo la nyuma huzikwa nyuma ya nyumba, na ni wanawake wa ukoo wanaokwenda kulizika. Lakini daktari alikuwa na ombi. Alisema anachunguza kwa nini kuna akina mama wanaopanda presha, na kwa nini watoto wao hudumaa. Alitufunulia beseni. Kondo lilikuwa dogo, na lina mabaka magumu, meupe. Alisema anadhani chanzo kimo humo, ila hajui ni nini. Aliomba abaki nalo alichunguze.

Nilimwambia hilo si langu kuamua, amuulize baba. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, anatazama nje. Debora aliushika mdomo wa chungu kwa mikono miwili. Nilijua anachofikiria mzee: mkewe na mtoto wao walizikwa pamoja, na hakuna aliyechungulia kujua kilichowaua. Watu walisema ni uchawi, mambo yakaishia hapo.

Aligeuka akamkabili daktari.

"Lichukue," akasema. "Ukishajua lilishindwa na nini, njoo utuambie. Uje mwenyewe. Usitutumie mtu."

Daktari aliahidi, na naamini aliahidi kwa moyo. Kisha akahamishwa, wakati ule watu walihamishwa sana. Kwa miaka iliyobaki ya maisha yake, baba mkwe aliposikia gari la serikali limesimama barabarani, alijifuta mikono akatoka kutazama kama ni yule daktari. Kisha alirudi kwa mbuzi wake.

Sasa nasaha, mwanangu, maana najua umechoka na mimi napenda kusema. Ukimwona mjamzito amevimba uso na tumbo limegoma kukua, usimsifu wala usimstahi. Mwambie. Akisema kichwa kinauma na macho yanaona cheche, usimwachie asingizie jua. Apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo. Waambie na wanaume, tena wakwe hasa, kwamba hakuna heshima inayozidi kumbakiza mtu hai. Na wale wanawake wa Malolo wanaokujibu "sijambo" si wajinga. Wamekwisha kupimwa na wengi walioondoka na vipimo vyao. Waambie utarudi, halafu urudi. Kama hujapata jibu, rudi uwaambie kwamba hujapata. Hata hilo wana haki ya kulisikia kutoka kinywani mwako, mmetazamana.

Mungu akujalie kujua, mwanangu. Na akishakujalia kujua, akupe na miguu ya kurudi.