Kidole tumbo kutolewa mara mbili

Jamani, leo mfumo wa bima umegoma, na safari hii ndio uliokuwa na akili kuliko sisi sote.

Kazi yangu hospitalini ni kuingiza namba. Kila ugonjwa una namba yake, kila tiba ina yake, na zote zinabaki kwenye kumbukumbu za kadi yako.

Asubuhi kaletwa baba mmoja wa Matongo (simtaji jina), kajikunja kwa maumivu. Daktari kaandika: kidole tumbo, apasuliwe haraka.

Naingiza namba, mfumo unakataa. Unasema mwenye kadi hii alishatolewa kidole tumbo mwaka jana!

Nikamtazama kwa jicho baya.

"Shikamoo baba. Mwaka jana ulipasuliwa wapi?"

"Mimi? Tangu nitahiriwe sijaguswa na kisu tena!"

Akapandisha shati. Tumbo safi, hata mkwaruzo hakuna.

Daktari hakusubiri fomu, akamwingiza chumba cha upasuaji.

Nikabaki na mdogo wake aliyemleta. Wamefanana kama mapacha.

Nyie mngeuliza, au mngenyamaza?

 Mimi niliishika tu ile kadi nikamtazama.

Akaanza kuchomekea shati, upande wa kulia kwanza, palepale kovu la kidole tumbo linapokaa.