Shingo Nyeupe ya Mama

Kila jioni akishaoga, mama alijipaka poda shingoni, kama walivyofanya wanawake wote wa nyumba zetu za zamani za shamba la mkonge, hapa Korogwe. Kwa shingo ile nyeupe nilimtambua kanisani hata nilipokaa viti vya nyuma.

Nilipojifungua, akawa anampaka na mwanangu. Siku moja kopo lilimponyoka, poda ikamwagika usoni kwa mtoto. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, tukamkimbiza hospitali. Alipopata nafuu, muuguzi alituambia poda ile ni jiwe laini lililosagwa. Mtu mzima anaweza kujipaka kidogo kwa kiganja, mbali na uso, lakini vumbi lake likiingia kifuani mwa mtoto mchanga linaweza kumuua. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa.

Tangu hapo alikuja kwangu shingo ikiwa tupu. Iliniudhi, niliona kama anajiadhibu.

"Mama, wewe jipake tu. Ni mtoto ndiye asiyepakwa."

"Nikimbeba analala hapa hapa shingoni," akanijibu.

Mwaka huu mama amefariki. Tulipokuwa tunamvalisha, mama mdogo aliuliza poda yake iko wapi. Tuliikuta juu kabisa ya kabati, kopo limefungwa ndani ya mfuko, fundo limekazwa hata vidole vyangu vikashindwa. Mama mdogo alilikata kwa kisu, akampaka shingo yote mpaka ikawa nyeupe.

Nikamwacha ampake. Hakuna mtoto atakayelala pale tena.