Neno Lililomletea Hetty Mume

Hetty Barraclough alifuma sufu kiwandani pamoja nami. Alikuwa mwembamba, mkali wa ulimi, na hakupenda kusaidiwa na mtu.

Baridi ya mwaka 1947 theluji ilifunga reli, treni ikakwama stesheni kwetu Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na abiria wakalazwa katika ukumbi wa kanisa. Hetty aliwapelekea mablanketi. Alifika meno yakigongana, akasimama mlangoni akalalamika kwamba yuko "starved". Kwetu neno hilo maana yake baridi imekuingia hadi kwenye mifupa.

Abiria mmoja, Cyril Pettifer, fundi viatu wa London, alilisikia kwa masikio ya kwao. Kwao ni kufa njaa. Mkate ulikuwa wa mgawo, naye alibakiwa na kipande kimoja. Akamsogezea.

"Kula, dada. Usione haya."

Hetty akamkodolea macho. "We kaka, nani kakwambia mimi ombaomba?"

"Si umesema mwenyewe?"

"Nimesema naganda, bwana! Kwani London hamna masikio?"

"Tunayo, ila yamezoea Kiingereza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hetty akashika kiuno, akaapa atamtupa nje yeye na mkate wake.

Bi Lumb, mwalimu wa shule yetu, alikuwa akigawa chai. Akawaamulia. Zamani, alisema, neno lile lilimaanisha kufa tu, kufa kwa lolote. Wajerumani wana neno la ukoo huohuo, na kwao bado ni kufa. Baadaye watu wa kusini wakaliachia njaa, sisi wa kaskazini tukaliachia baridi.

"Kwa hiyo wote wawili mko sahihi. Haya, sogeeni kwenye jiko, mnazuia mlango."

Wakasogea. Hetty alikula nusu ya mkate ule, kwa ukaidi tu, alivyodai. Cyril akamfunika blanketi mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Hetty hakumkemea mtu.

Njia ilipofunguka, Cyril alikwenda London kuchukua vifaa vyake, akarudi kupanga chumba juu ya duka la samaki wa kukaanga. Walioana kabla ya majani kupukutika. Mama yake Hetty hakumpenda mkwe wa kusini, lakini viatu vyake vilipotoboka alimpelekea yeye, na baada ya hapo akawa anamwita "mwanangu".